Sauti ninayo, shahada ya historia sina: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Magomeni, Bagamoyo. Nilisoma sanaa za maonyesho kwenye chuo cha TaSUBa na sasa naongoza watalii kwenye magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapa kwetu. Kila ninayemzungusha ananiambia nina sauti ya redio. Rafiki yangu alinipa flashi yenye filamu ya makala ya Wamarekani kuhusu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Msimulizi wake anaitwa David McCullough, na nimeambiwa alikuwa mwanahistoria mkubwa. Nataka kufanya kazi kama yake, kwa Kiswahili, kuhusu kwetu. Historia niliishia kidato cha nne. Nirudi chuo kikuu kwanza? Na kazi yenyewe inalisha?

Jibu: Marahaba mwanangu.

Chuo kikuu si lazima. McCullough mwenyewe hakuwa na shahada ya historia. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1933, akasoma Chuo Kikuu cha Yale, na alichohitimu pale mwaka 1955 ni fasihi ya Kiingereza. Akaingia kwenye uandishi wa kila siku: jarida la michezo la Sports Illustrated, kisha idara ya serikali iliyopeleka habari za Marekani nchi za nje, halafu jarida la historia la American Heritage. Kwa hiyo kama kinachokunyima usingizi ni cheti, lala. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye hiyo sauti wanayokusifia.

Tazama miaka ilivyopangana. Kitabu chake cha kwanza, cha mafuriko ya Johnstown, kilitoka 1968. Cha Daraja la Brooklyn kikatoka 1972. Cha Mfereji wa Panama kikatoka 1977, wakati Wamarekani wanabishana kama wairudishie Panama mfereji wake, na maseneta wakawa wanakitaja bungeni kwao. Baada ya hapo ndipo kijana mmoja ambaye hakuwa na jina bado, Ken Burns, alipotengeneza filamu yake ya kwanza kuhusu daraja lilelile la Brooklyn, mwaka 1981, na McCullough akaisimulia. Hiyo ya kwenye flashi yako ilirushwa Septemba 1990, usiku tano mfululizo, ikatazamwa na watu karibu milioni 40. Msimulizi alikuwa na miaka 57. Sauti uliyoisikia ina makaratasi ya miaka ishirini na mbili nyuma yake tangu kile kitabu cha kwanza, na mtazamaji anayasikia hata kama hajui anasikia nini.

Ila usije ukadhani maneno yale aliyaandika yeye. Skripti ya filamu ile kwa sehemu kubwa ni kazi ya Geoffrey Ward, akishirikiana na Ken Burns mwenyewe na ndugu yake Ric. McCullough alikuwa mshauri na msomaji. Nakuambia hili kwa sababu vijana wengi wanaokuja kwetu hudhani msimulizi ndiye mwenye filamu. Zipo kazi tatu hapo: kutafuta, kuandika na kusoma. Wewe umejiandaa kwa ya tatu, ambayo ndiyo fupi kuliko zote. Ukitaka kuishia hapo, hakuna ubaya. Kuna watu wanasoma skripti za matangazo na maisha yanakwenda. Lakini umesema unataka kufanya kazi kama ya McCullough, na yake ilianza kwenye kutafuta.

Ilianza hivi. Siku moja, akiwa mwajiriwa tu, alikuta kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, picha za zamani za mji ulioharibiwa na maji. Johnstown, Pennsylvania. Haiko mbali na Pittsburgh alikozaliwa, na tangu utotoni alikuwa akiisikia habari ile bila kuijua. Akatafuta kitabu, akakipata, hakikumridhisha, maana mwandishi hata jiografia ya pale alikuwa haijui vizuri. Akatafuta kingine, kibaya zaidi. Akaamua kukiandika yeye kile alichotaka kukisoma. Alikuwa na mke, watoto na kazi, kwa hiyo kitabu kiliandikwa usiku na siku za mapumziko kwa miaka mitatu.

Na alichokuta ni zaidi ya maji. Tarehe 31 Mei 1889 ukuta wa bwawa la South Fork ulipasuka juu milimani, na watu 2,209 wakafa. Bwawa lile lilikuwa la klabu ya matajiri waliokwenda kuvua samaki na kupunga upepo, akina Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, na ukuta wake ulikuwa umetengenezwa kwa uzembe: mabomba ya kupunguzia maji yalikwisha kung'olewa na hayakurudishwa. Magazeti ya siku zile yaliandika vilio. Yeye akafuatilia ukuta: nani aliujenga, nani aliununua, nani alionywa. Hapo ndipo simulizi ilipogeuka kuwa historia.

Sasa rudi Bagamoyo, mwezi uleule, Mei 1889. Wewe unayezungusha wageni unajua kilichokuwa kikitokea. Kamanda Mjerumani Hermann von Wissmann, na askari Wasudani aliowaajiri Misri na wengine aliowatoa Msumbiji, alilivamia boma la Abushiri bin Salim, kiongozi wa waliowapinga Wajerumani, nje ya mji. Mwaka mmoja kabla ya hapo kampuni ya Wajerumani ilikuwa imekodishiwa Mrima, yaani pwani hii yetu, na Sultani wa Unguja, na ilipokuja kushika forodha na kupandisha bendera Agosti 1888, pwani nzima ikawaka kutoka Tanga kushuka chini. Watu wa Bagamoyo walikimbilia misheni kwa maelfu. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Haya yote mgeni anaambiwa kwa dakika nne, akiwa ameshika maji ya chupa, kisha anapelekwa kwenye duka la vinyago.

Mimi nikuulize: katika mji uleule, mwenye nyumba ya makuti Mei ile alifanya nini? Mpagazi Mnyamwezi aliyefika na pembe akakuta njia imefungwa, mshahara wake alilipwa na nani? Mfanyabiashara Mhindi aliyekopesha msafara alimdai nani? Ukipata majibu ya hayo, hata ya mtu mmoja tu, una dakika kumi ambazo hakuna mtu Tanzania aliyewahi kuzisikia. Anza na dakika kumi. Habari za "historia ya Bagamoyo tangu Kaole hadi leo" achana nazo, hiyo ni kazi ya ubao wa makumbusho.

Vyanzo vipo, vingine kwa Kiswahili kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za desturi za watu wa mwambao, na Mjerumani Carl Velten akazichapisha 1903: ngoma, harusi, madeni, misafara ya bara, yote kwa Kiswahili cha kwenu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa pwani ya Tanga alitunga utenzi mzima juu ya vita vile vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya mwaka 1307 wa Hijria, na yeye hakuwa upande wa Wadachi. Soma wote wawili huku ukijua kila mmoja amekaa wapi: Mtoro anaandika akiwa anakula mshahara wa Mjerumani, Hemedi anaandika akiwa na uchungu wa mji wake. Kisha nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, kuna majalada ya enzi ya Wajerumani. Nenda na Zanzibar, Kilimani. Uliza utaratibu wa kibali kabla ya kupanda basi au boti. Hapo kwenu misheni, wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na walikuwa watu wa kuandika kila kitu, ila waliandika Kifaransa. Tafuta wa kukusomea. Mwanafunzi anayejifunza Kifaransa atafurahi kukaa nawe siku nzima kwa chakula cha mchana na shukrani ya jina lake mwishoni mwa kipindi.

Wazee pia, bila shaka. Lakini mzee wa leo hakuwapo 1889, wala baba yake huenda hakuwapo. Anachokupa ni jinsi habari ilivyotembea mpaka ikamfikia, na hilo lina thamani yake. Lirekodi hivyo: nani alimwambia, wapi, wakati gani. Halafu uwe mwangalifu na siku. Mzee wa pwani akikuambia jambo lilitokea usiku wa Ijumaa, anahesabu siku kuanzia Magharibi, kwa hiyo anasema usiku ule ambao ratiba ya meli ya Mzungu itauandika Alhamisi. Saa nazo ni hivyohivyo. Na mwaka 1307 wa Hijria ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 ukaingia hadi mwaka uliofuata, hauwezi kuuandika "1889" ukaendelea na safari. Nimesikiliza vipindi ambamo mtu anafika kabla hajaondoka kwa sababu ya mambo madogo kama haya.

Sasa kwenye kusoma, ambako ndiko unakokupenda. McCullough aliandika kwa taipureta ya Royal aliyoinunua ikiwa imeshatumika, mwaka 1965, na hakuhamia kwenye kompyuta mpaka anakufa 2022. Wengi hupenda kuisimulia hiyo taipureta. Jambo la maana zaidi kwako ni la mkewe, Rosalee. Alichokiandika mumewe alimsomea kwa sauti, naye mwandishi akakaa kimya akisikiliza sentensi zake zikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Panapokwama msomaji, pana tatizo. Fanya hivyo wewe, na usijisomee mwenyewe, maana mtu mwenye mafunzo ya jukwaa anaweza kuifanya hata risiti ya umeme ipendeze. Mpe mdogo wako wa kidato cha pili aisome huku wewe umefumba macho.

Ukifanya hivyo utagundua shida moja ya lugha yetu ambayo Mmarekani hana. Mwaka 1889 kwenye karatasi ni tarakimu nne. Mdomoni ni elfu moja mia nane themanini na tisa. Weka miaka mitatu kwenye aya moja na msikilizaji atakuwa anahesabu, habari yenyewe imempita. Utaje mwaka mara moja, uutulize, kisha useme "masika ya mwaka ule", "miezi minne baadaye", "kabla ya Krismasi". Hesabu za fedha na masafa ni hivyohivyo. Na majina: amua mapema unasema Abushiri au Bushiri, ushikilie moja mpaka mwisho.

Jukwaani TaSUBa walikufundisha kumfikia mtu wa mstari wa nyuma. Kwenye maiki hakuna mstari wa nyuma. Sikiliza tena flashi yako: McCullough hapandishi, hashushi, halii na majeruhi. Barua za askari zinasomwa na watu wengine, waigizaji, na wao ndio wanaobeba machozi. Yeye kazi yake ni kukuonyesha uko wapi, saa ngapi, na nani anakuja. Ukisimulia Abushiri anapelekwa kwenye kitanzi Pangani, sauti ikitetemeka, mimi msikilizaji naanza kukutazama wewe. Rekodi kwanza kwenye simu, kwenye chumba chenye nguo nyingi na godoro, feni imezimwa. Na huo muziki wa huzuni mnaouweka chini ya kila neno, uondoe usikie kama habari inasimama.

Kuhusu mada, jifunze na alizozikataa. Baada ya Johnstown wachapishaji walimfuata: mmoja anataka moto mkubwa wa Chicago, mwingine tetemeko la San Francisco. Akaona atageuzwa mwandishi wa maafa, akachagua daraja, kitu ambacho watu walikijenga kikasimama. Baadaye alianza kitabu cha mchoraji Picasso akakiacha njiani, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuishi miaka na mtu yule. Alimchukua Rais Harry Truman badala yake, miaka kumi, na kitabu kikampa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kwao. Cha Rais John Adams kikampa ya pili.

Lakini kuna upande ambao sitaki umwige, na wanahistoria wa vyuoni kwao walimsema kwa haki. Aliwapenda mno watu wake. Kwenye kitabu cha Adams alimnukuu Thomas Jefferson akimpa Adams sifa kubwa, wakaguzi wakatafuta, ushahidi kwamba Jefferson alisema vile haukuonekana. Na kitabu cha mwisho alichokitoa akiwa hai, cha 2019, kinahusu walowezi waliokwenda kuanzisha miji Ohio. Wahakiki wengi waliuliza wenyeji wa ardhi ile wako wapi. Wapo pembeni, kwa sababu makabrasha aliyoyatumia yaliachwa na walowezi.

Hilo ni tatizo lako pia, na wewe ndiye utakayepimwa nalo zaidi yake. Chukua mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kizungu. Kila mgeni unampeleka kwenye mnara wa kanisa la kwanza la misheni, unamwambia mwili ulifika Februari 1874 ukalala hapo kabla ya kuvushwa Unguja. Ni kweli. Lakini Livingstone alikufa Mei 1873, ndani kabisa ya nchi ambayo leo ni Zambia. Kuna miezi tisa ya kutembea katikati, na marehemu hakutembea. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake, wakaukausha mwili, wakaamua wenyewe kuurudisha pwani, na wakamkatalia Mzungu aliyewakuta Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, akitaka uzikwe hukohuko. Jacob Wainwright, aliyesoma sala za maziko, aliweka shajara ya safari ile. Halima, mpishi, yumo kwenye shajara ya Livingstone mwenyewe. Mwili ulipozikwa Westminster Abbey Aprili 1874, Wainwright alikuwepo. Chuma na Susi hawakuwepo, walikuwa wamelipwa ujira wao na kuachwa. Waliletwa Uingereza baadaye, wakasaidia kuzifafanua karatasi za marehemu ili zichapishwe. Simulizi ya safari hii inayoanza na mkutano wa wale watu baada ya kifo, watu wanaojadiliana watafanya nini na maiti ya bwana wao na nani atawaamini, mimi ningeisikiliza hata kwa sauti mbaya.

Swali la kujiita mwanahistoria nalijibu kwa ufupi: jiite msimulizi mpaka mtu mwingine akuite hivyo. Ila tafuta mwalimu wa chuo akusomee kila skripti kabla hujaingia studio, umlipe au umshukuru hewani. Atakukera. Mpe tena ya pili.

Inalisha? McCullough aliacha ajira baada ya kitabu cha kwanza kufanikiwa, akiwa na watoto watano wa kulea. Wewe usiache kuongoza watalii. Soko lao la vitabu na letu havifanani hata kidogo, na matembezi yako ya kila siku ni jaribio la bure: pale wageni wanapoacha kutazama simu zao, pana kipindi. Pesa ya mwanzo itatoka kwa makumbusho, mashirika, redio na watu wa nje wanaokuja kupiga picha Bagamoyo wanaohitaji mtafiti anayejua kata na wazee. Watakuja kutafuta sauti, uwauzie na utafiti, na bei zake ziwe mbili. Ukianza kupiga picha zako, ulizia Bodi ya Filamu juu ya kibali. Ukirusha mtandaoni, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kazi yako inahitaji leseni, kwani kanuni za maudhui ya mtandaoni zimekuwa zikibadilishwa tangu 2018. Picha za kale nazo zina wenyewe hata kama mpigaji amekufa zamani, omba ruhusa kwa anayezihifadhi.

Na usisome hata ukurasa mmoja bila karatasi iliyosainiwa. Humo andika unalipwa kwa dakika au kwa kazi nzima, lini, rekodi itatumika wapi na kwa muda gani, na kwamba haitapewa mashine ya kuiga sauti yako. Andika pia malipo ya kurudia, kwa sababu skripti za historia hubadilishwa mpaka jioni ya mwisho, na anayerudishwa studio saa nne usiku kusoma upya kurasa sita ni wewe.